Hesabu Ploti Kabla ya Kukata Nyingine: Vidokezo 13 vya Kuorodhesha Subneti

Wazee wa Uasin Gishu wangali wanaiita Eldoret "Sisibo". Jina hilo lilizaliwa na nambari. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba nambari 64, na namba hiyo ya Kiingereza ikalainika kwenye ndimi za wenyeji hadi ikawa Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912, na hadhi ya jiji ikafika Agosti 2024. Kwa hiyo jiji zima lilianza kama nambari ya shamba kwenye daftari la ardhi.

Ukitoka Sisibo kwa barabara ya Nakuru, ukapinda pale Cheptiret kuelekea Kesses, utafika kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Moi. Huku, kama katika kila chuo na ofisi yenye seva, kuna ardhi nyingine inayohitaji daftari, ila hii haionekani kwa macho. Seva moja ya chuma inaweza kubeba makumi ya mashine pepe: moja ya maktaba, moja ya masomo ya mtandaoni, moja ya matokeo ya mitihani. Kila moja inahitaji anwani ya IP, na anwani hizo hukatwa vipande vinavyoitwa subneti. Subneti ni ploti kabisa. Ina mpaka, ina ukubwa, ina lango, na ina mwenyewe. Ikikatwa bila ramani, huzaa kesi.

Chombo nitakachokitumia hapa ni OpenStack, programu huria ya kuendesha miundombinu pepe, yaani wingu, iliyoanzishwa mwaka 2010 na NASA pamoja na kampuni ya Rackspace. Ndani yake mna amri fupi ya kuorodhesha subneti zote. Vidokezo hivi ni vyako wewe mwanafunzi wa Kesses, wewe fundi wa TEHAMA wa kaunti, na wewe uliyeajiriwa juzi ukakabidhiwa seva bila karatasi hata moja.

1. Orodhesha kwanza, unda baadaye

Mkono wa fundi mgeni huwashwa na hamu ya kuunda. Uzuie. Siku ya kwanza, kabla hujagusa kitu, andika hivi kwenye terminali:

`openstack subnet list`

Amri hii haibadilishi chochote. Inasoma tu na kukuonyesha kilichopo, kwa hiyo unaweza kuirudia mara mia bila kumkosesha mtu usingizi. Soroveya akiitwa kukata shamba, huomba ramani ya zamani kabla ya kutoa kamba yake. Wewe nawe fanya hivyo.

Kuna jambo moja la kuangalia unaposoma miongozo ya zamani. Sehemu ya OpenStack inayoshughulikia mitandao iliitwa Quantum, ikabadilishwa jina kuwa Neutron mwaka 2013 kwa sababu ya mvutano wa alama ya biashara. Ndiyo maana utakutana na amri kama `quantum subnet-list` na `neutron subnet-list`. Zote mbili zimestaafu. Ukizinakili zikakataa, kosa si lako. Tumia hiyo ya juu.

2. Jua umeingia kwa jina la nani

Orodha unayoiona hutegemea mlango ulioingilia. OpenStack hugawa watumiaji katika miradi. Ukiingia kama mtumiaji wa kawaida wa mradi wa maktaba, utaona subneti za maktaba na zile zilizofunguliwa kwa wote. Za idara nyingine hazitatokea, nawe unaweza kudhani hazipo. Hapo ndipo wengi hujikwaa: mtu huona orodha yenye mistari 3, akaamini ardhi yote iliyobaki ni tupu.

Kabla ya kuamini orodha, hakikisha mradi na jina ulilotumia. Maelezo hayo kwa kawaida hukaa kwenye faili liitwalo `clouds.yaml`. Kama faili lako lina mawingu zaidi ya moja, taja unalolitaka:

`openstack --os-cloud kesses subnet list`

Ukihitaji picha ya nchi nzima, mwombe msimamizi akuendeshee amri hiyo, au akupe wadhifa wa kusoma tu. Huhitaji funguo za kubomoa nyumba ili kuhesabu vyumba.

3. Soma safu nne kwa utulivu

Orodha ikitokea, ina safu nne: kitambulisho, jina, mtandao na subneti yenyewe. Hebu tuiangalie moja kwa karibu. Nimevikata vitambulisho kwa sababu ni virefu. Kila kimoja huwa na herufi 36.

```
| ID    | Name        | Network | Subnet        |
| 4f2c… | maktaba-v4  | a91d…   | 10.20.4.0/26  |
| b07e… | mitihani-v4 | 77c3…   | 10.20.4.64/26 |
| c5d1… | majaribio   | 0e46…   | 10.20.4.64/27 |
```

Tazama mstari wa pili na wa tatu. Subneti zote mbili zinaanzia anwani ya 64. Ile ya mitihani inakwenda kutoka 64 hadi 127. Ile ya majaribio inatoka 64 hadi 95. Yaani ploti ya majaribio imelala yote ndani ya ploti ya mitihani.

Utajiuliza: mbona OpenStack iliruhusu? Kwa sababu ziko kwenye mitandao tofauti, na hiyo ni ruhusa halali. Mitandao miwili isiyokutana inaweza kutumia anwani zilezile bila ugomvi. Shida huja siku utakapotaka kuziunganisha kwenye ruta moja. Ruta itakataa, na itakuwa na haki, maana haitajua barua ya anwani 10.20.4.70 ipelekwe nyumba ipi. Macho yaliyozoea kusoma orodha huiona kesi hii mapema, kabla haijafika barazani.

4. Ishike hesabu ya mkwaju

Ule mkwaju na nambari inayoufuata ndio hueleza ukubwa wa ploti. Nambari ikiongezeka kwa moja, ploti hupungua nusu. Kariri hizi chache, zitakufaa miaka yote:

- /24 ina anwani 256
- /25 ina anwani 128
- /26 ina anwani 64
- /27 ina anwani 32
- /28 ina anwani 16

Mtu wa Eldoret hana haja ya kuhangaika na /26, kwa sababu hiyo ndiyo Sisibo. Kata /24 kwa nne, upate ploti nne za 64: ya kwanza inaanzia 0, ya pili 64, ya tatu 128, ya nne 192. Ukiona subneti ya /26 imeandikwa kuwa inaanzia 50, jua kuna mtu aliyekosea hesabu, maana mawe ya mpaka hayawezi kusimama hapo.

Ila si anwani zote 64 za kupangisha. Ya kwanza ni jina la subneti yenyewe na ya mwisho ni ya tangazo kwa wote, zinabaki 62. Lango huchukua moja, zinabaki 61. Huduma ya DHCP, ile inayozigawia mashine anwani, mara nyingi huchukua yake pia. Hesabu 60, usihesabu 64.

5. Pima ploti kwa watakaokaa humo

Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza mwaka 1984 kilikuwa na wanafunzi 83, waliohamishwa kutoka Idara ya Misitu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Tufanye zoezi. Kila mmoja wao tumpe mashine pepe moja ya mafunzo. Je, /26 ingetosha? Hapana, ina nafasi 60 tu za kukaliwa. Wanafunzi zaidi ya 20 wangebaki nje. Ungehitaji /25, yenye nafasi 124 kwa hesabu hiyohiyo, na bado ungebaki na akiba ya kupokea darasa la mwaka unaofuata.

Huo ndio mwendo wa kufikiri. Hesabu mashine ulizo nazo, ongeza zitakazokuja ndani ya miaka miwili, kisha chagua mkwaju. Ndani ya wigo wa faragha, anwani zinazoanza na 10 peke yake ni zaidi ya milioni 16. Ardhi hiyo ni pana, usijibane bure. Lakini pia usimpe mtu mwenye mbuzi wawili shamba la ekari mia. Subneti ya /16 ina anwani 65,536, na ukiitumia kwa mashine 12, umemfungia jirani njia.

Anwani za hadharani ni habari nyingine kabisa. AFRINIC, shirika linalogawa anwani Afrika, limekuwa katika awamu ya mwisho ya ugawaji wa IPv4 tangu Januari 2020, ambapo ombi moja haliwezi kupewa zaidi ya /22, yaani anwani 1,024. Anwani ya hadharani iliyolala bila kazi kwenye orodha yako ni hasara ya kweli.

6. Omba maelezo marefu unapokagua

Safu nne hutosha kwa salamu za asubuhi. Kwa ukaguzi, ongeza neno moja:

`openstack subnet list --long`

Sasa utaona mengi zaidi: mradi unaomiliki subneti, kama DHCP imewashwa, seva za majina, lango, toleo la IP, na akiba ya anwani zinazoruhusiwa kugawanywa. Hiyo akiba ndiyo hazina ya fundi mwangalifu. Mathalani, subneti inaweza kuwa 10.20.4.0/26 lakini akiba yake imewekwa kutoka 10 hadi 62. Maana yake aliyeiunda alikusudia kuacha anwani chache za mwanzo kwa vifaa vya kudumu, kama vile printa au seva ya zamani iliyo nje ya wingu.

Ukikutana na mpangilio kama huo, usiuguse kabla ya kuuliza. Pengo kwenye orodha mara nyingi ni ahadi ambayo mtu alimwekea mwingine.

Orodha ikiwa pana kuliko kioo cha kompyuta yako, chagua safu unazozihitaji tu:

`openstack subnet list -c Name -c Subnet`

7. Chuja, usipekue

Ukiwa na subneti 10, macho yanatosha. Zikifika 200, utachoka kabla hujaipata unayoitafuta. Uliza swali dogo upate jibu dogo:

- `--network maktaba` huleta za mtandao wa maktaba peke yake
- `--no-dhcp` huleta zile ambazo DHCP imezimwa
- `--subnet-range 10.20.4.64/26` hukuambia kama kipande hicho hasa kimeshakatwa
- `--ip-version 6` huleta za IPv6

Kwenye hilo la mwisho utaona karibu kila mstari unaishia na /64. Usidhani ni Sisibo ileile. Katika IPv6 mkwaju wa 64 si anwani 64. Ni anwani nyingi kupita hesabu ya kawaida ya binadamu, na ndio ukubwa wa kawaida wa subneti moja. Huko hatubani anwani. Kinachohitaji nidhamu ni mpangilio wa vipande vyenyewe, na orodha inakufaa vilevile.

Kichujio cha `--no-dhcp` kina kazi maalumu. Mtu akikupigia kusema mashine yake mpya imewaka lakini haina anwani, anza hapo. Huenda subneti yake iko kwenye orodha hiyo.

8. Tazama zilizobaki kabla hazijaisha

Kujua ukubwa wa ploti hakukuambii imekaliwa kiasi gani. Msimamizi ana amri ya kujibu hilo:

`openstack ip availability list`

Hii hupanga kila mtandao, jumla ya anwani zake, na zilizotumika. Ifanye kuwa desturi ya Jumatatu asubuhi, kabla ya chai. Mtandao ukishajaa robo tatu, anza mazungumzo ya upanuzi. Ukingoja ujae kabisa, utajua siku ya usajili wa wanafunzi wapya, wakati kila mtu anataka mashine mpya na foleni imefika nje ya mlango.

Kupanua si lazima kubomoa. Mtandao mmoja waweza kubeba subneti zaidi ya moja, hivyo unaweza kuongeza ploti ya pili pembeni. Ndiyo sababu ni vizuri kuacha kipande kitupu kando ya kila subneti inayotarajiwa kukua, kama mkulima anavyoacha nafasi ya ghala analojua atalijenga.

9. Jihadhari na wageni wanaojikaribisha

Kuna programu ambazo, ukizisakinisha, hujichukulia anwani bila kuuliza. Docker hupenda 172.17.0.0/16. Libvirt huchukua 192.168.122.0/24. VirtualBox hutumia 10.0.2.0/24 kwa mashine zinazotokea nje kupitia kompyuta mwenyeji. Wingu la AWS hukupa 172.31.0.0/16 kama hukuchagua lako. Hakuna hata moja ya hizi itakayoonekana kwenye orodha ya OpenStack, kwa sababu zinaishi ndani ya mashine au kwa jirani.

Niliwahi kukaa na mafundi wa ofisi moja waliosumbuka siku nzima. Seva yao moja ilifikiwa na kila mtu isipokuwa kompyuta chache za chumba kimoja. Walizilaumu nyaya, wakailaumu ruta, wakabadilisha hata swichi. Mwishowe tuliorodhesha subneti, tukalinganisha na anwani za kompyuta zile. Chumba kile kilikuwa kimepewa 172.17, na ndani ya seva Docker ilikuwa imejipa 172.17 pia. Seva ilipotaka kujibu, ilidhani wale ni watoto wake wa ndani, ikarudisha majibu jikoni kwake badala ya kuyatuma nje.

Tulibadilisha wigo wa Docker, tatizo likaisha kabla kikombe cha chai hakijapoa. Tangu hapo, kando ya orodha yangu ya OpenStack huwa naandika kwa mkono wigo wa hawa wageni, nisije nikampa mtu ploti juu yao.

10. Zipe subneti majina ya watu wa nyumbani

Subneti iitwayo "test2" au "mpya" haimsaidii mtu. Baada ya miezi sita hata aliyeiunda hakumbuki. Tumia jina linalotaja kazi, mahali na toleo: `maktaba-kesses-v4`, `hosteli-wifi-v4`, `mitihani-db-v6`. Kubadilisha jina hakukati huduma ya mtu yeyote:

`openstack subnet set --name maktaba-kesses-v4 <ID>`

Ongeza na maelezo mafupi kwa `--description`: nani aliiomba, kwa kazi gani, lini. Mstari mmoja tu. Siku ya hitilafu, mwenzako aliye zamu usiku akiona maelezo hayo hatakuamsha.

Kubalianeni mpango wa majina kama timu, muuandike, muubandike ukutani. Mpango wa wastani unaofuatwa na wote ni bora kuliko mpango mzuri unaofuatwa na mtu mmoja.

11. Weka nakala nje ya seva

Mali bila daftari hupotea bila habari. Orodha inayoishi ndani ya wingu peke yake haitasomeka siku wingu lenyewe limeanguka, na hiyo ndiyo siku utakayoihitaji kuliko siku zote. Tunajua mvua za huku zinavyoshuka na radi zake, na jinsi stima inavyoondoka bila kuaga. Kwa hiyo, kila wiki, toa nakala:

`openstack subnet list --long -f csv > subneti-2025-03-10.csv`

Faili hilo hufunguka kwenye programu yoyote ya majedwali. Ukitaka lisomwe na skripti, badilisha `csv` iwe `json`. Andika tarehe kwenye jina kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, ili mafaili yajipange yenyewe.

Ukiwa na nakala za wiki mbili, zilinganishe kwa amri ya `diff`. Itakuonyesha kilichoongezeka na kilichopungua. Subneti iliyotokea bila mtu kuiomba ni habari. Subneti iliyotoweka ni habari kubwa zaidi. Na chapisha nakala moja kwa karatasi, uiweke kwenye faili ofisini. Karatasi haihitaji nywila wala betri.

12. Orodha si ya kumwagwa barabarani

Orodha ya subneti haina jina la mwanafunzi wala alama zake, lakini inaonyesha chumba ambamo alama hizo zimehifadhiwa. Mwizi akipata ramani ya nyumba, amepunguziwa nusu ya kazi. Usiitupe kwenye kundi la WhatsApp ili kuomba msaada, na usiipige picha ukaituma kwa rafiki wa chuo kingine.

Ukihitaji msaada kutoka nje, badilisha anwani kwanza. Kuna wigo uliotengwa kwa mifano tu, kama 192.0.2.0/24 na 198.51.100.0/24, ambao haumilikiwi na mtu. Weka hizo mahali pa zako, na majina uyafanye A, B, C. Swali lako litaeleweka vilevile.

Faili la `clouds.yaml` nalo lichunge, maana mara nyingi hubeba nywila. Lisomeke na wewe peke yako, na kamwe lisipandishwe kwenye hazina ya msimbo pamoja na kazi ya mradi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na taasisi inayotunza taarifa za watu ina wajibu wa kuzilinda. Wajibu huo unaanzia kwenye kompyuta ya fundi.

13. Usifute kwa kutazama tu

Subneti yaweza kuonekana tupu kumbe ina mtu. Kabla ya kufuta, gonga mlango:

`openstack port list --fixed-ip subnet=majaribio`

Kukitokea mistari, kuna mashine, ruta au huduma iliyoshika anwani humo. OpenStack yenyewe itakataa kufuta subneti yenye mashine ndani, na huo ni ulinzi mzuri. Lakini mashine iliyozimwa kwa likizo nayo ina mwenyewe, kwa hiyo usianze kuziondoa moja moja ili ufutaji ukubali. Tafuta jina la mradi kwenye orodha ndefu, mpigie mhusika, mpe siku saba, andika jibu lake. Ndipo ufute.

Pa kufanyia mazoezi

Huna wingu la kujifunzia? Sakinisha DevStack, toleo la OpenStack lililotengenezwa kwa majaribio, ndani ya mashine pepe safi ya Ubuntu. Usilisakinishe moja kwa moja kwenye laptopu unayoandikia tasnifu yako, kwa sababu hubadilisha mambo mengi kwenye mfumo. Lipakue ukiwa kwenye mtandao wa chuo, maana ni mzigo mkubwa kwa bando la simu. Likimaliza kujijenga, andika amri ya kidokezo cha kwanza. Miongoni mwa mistari ya kwanza utakayoiona kwa kawaida ni subneti ya faragha ya 10.0.0.0/26, ploti ya anwani 64. Anzia hapo kuhesabu.

Na ujuzi huu hautakuacha ukihamia kwingine. Kwenye AWS swali lilelile huulizwa kwa `aws ec2 describe-subnets`, na kwenye Google kwa `gcloud compute networks subnets list`. Tofauti ni za kienyeji. AWS hujiwekea anwani 5 katika kila subneti, hivyo /28 yenye 16 hukuachia 11, na orodha yake hukuonyesha kanda moja kwa wakati mmoja. Ukiona orodha tupu huko, angalia kanda kwanza kabla ya kushtuka.

Ndugu yangu wa Kesses, seva nyingi za taasisi zetu zimejengwa na vijana waliokaa miaka miwili au mitatu, kisha wakaenda Nairobi au ng'ambo, na ramani ikaondoka vichwani mwao. Anayebaki huanza upya gizani, na gharama hulipwa na mwanafunzi asiyefungua matokeo yake. Usiwe wewe wa kuondoka na ramani. Leo kabla hujafunga ofisi, endesha amri ile moja, toa nakala, iandike tarehe, na umwonyeshe mwenzako ilipo.